Petro Ahojiwa na Ndugu Zake

Petro aliporudi Yerusalemu kutoka Kaisaria, nyumbani kwa akida Kornelio, hakupokewa kwa vigelegele. Waamini wa Kiyahudi walimshutumu waziwazi: kwa nini ameingia kwa watu wasiotahiriwa, tena akala nao? Tuangalie vema lalamiko lao. Katika sura ya 11 ya Matendo ya Mitume hawautaji ubatizo. Wanalotaja ni chakula. Ndivyo ilivyo hata parokiani: saa ya Misa ikibadilishwa, watu hunung'unikia saa, kumbe kinachowauma ni kwamba hawakuulizwa.

Petro alikuwa amekabidhiwa funguo na Bwana, angeweza kuwanyamazisha. Lakini aliketi akawasimulia jambo zima kwa utaratibu: maono ya Yafa, jinsi yeye mwenyewe alivyokataa kula, kisha Roho Mtakatifu kuwashukia watu wale. Tena alikuja na ndugu 6 walioshuhudia. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alikwisha kuona kwamba Petro aliwajibu waamini kwa hoja, si kwa mamlaka. Makatekista, neno hilo msilipite upesi. Na kwa kuwa hakuficha kusita kwake, wasikilizaji wake waliweza kujiona ndani ya habari ile.

Walinyamaza, wakamtukuza Mungu. Hata hivyo shauri halikuisha siku ile. Mnamo mwaka 49 hivi lilirudi palepale Yerusalemu, kwa mabishano makali zaidi, na Petro akasimama tena kuwaeleza.