Sura ya 4: Ndoo Moja ya Mafuta

Nairobi maji hayafiki nyuzi 100. Mji umekaa juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku juu sufuria hutokota ikiwa nyuzijoto 94 hivi. Ndiyo maana maharagwe ya Kibera hukaa motoni zaidi kuliko ya Mombasa, na mama wa githeri wa Kisumu Ndogo, humohumo Kibera, huwasha jiko kabla ya jogoo. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu wanaotaka kulima uyoga huanza kuniuliza habari za ardhi: wana chumba kimoja cha mabati, watapandia wapi? Swali ni halali, ila si la kwanza. La kwanza ni kama unajua kuchemsha kitu, kukifunika, na kukigusa kwa mikono safi. Mkulima wa uyoga ana undugu zaidi na mpishi kuliko alio nao na mkulima wa mahindi.

Uyoga si mmea. Hauna majani, hauli jua. Kile tunachokichuma ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zinazojipenyeza ndani ya kitu kilichokufa na kukila kutoka ndani. Nyuzi hizo hutoa maji yanayoyeyusha mabua na miti, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Kwa hiyo kazi yako si kupanda bali kupakua: unaandaa chakula, unamkaribisha mgeni mmoja, na unawafungia mlango wengine wote wanaokinusa. Nao ni wengi. Kuvu ya kijani, bakteria, inzi wadogo weusi, panya. Wote hao wana njaa ileile.

Wasomaji wenye asili ya magharibi mwa Kenya hunikatiza hapa na kutaja obuolo, au obwoba, ule uyoga wa nyumbani unaochomoza karibu na vichuguu mvua zikianza, ambao ukiupika mchuzi wake unashindana na wa kuku. Naujua na naulilia pia. Lakini ule haulimwi kwenye ndoo. Mkulima wake ni mchwa, ambaye amekuwa akilea kuvu hiyo chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka milioni 20, na hadi leo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kazi na kuifanya vizuri bila yeye. Ule mweupe wa mviringo unaouzwa kwenye masupamaketi, ambao Wafaransa waliulima Paris tangu karne ya 17, nao tuuache kwanza. Hutaka mboji iliyopikwa kwa wiki kadhaa, udongo wa kufunika juu, na ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18. Ni uyoga wa mwenye mtaji.

Unaotufaa ni ule ulio kama sikio au sahani iliyokaa upande, wa kijivu, mweupe au wa rangi ya maziwa yenye kahawa. Wakulima wa Nairobi huuita oista. Tanzania wengi huuita mamama. Wajerumani walianza kuulima wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu chakula kilikuwa haba, na nadhani tabia hiyo ya ukoo haikuutoka: ni uyoga wa shida, usiochagua. Hula mabua ya ngano, magunzi ya mahindi, maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba, makapi ya miwa, hata kartoni.

Sasa angalia mtaa wako kwa jicho hilo. Muuza mahindi choma wa stendi ya 56 pale Kawangware huacha rundo la magunzi kila jioni. Anayekamua miwa hulipa mtu amtupie makapi. Na ukipanda Barabara ya Gitanga kidogo tu umeingia Lavington, ambako mikahawa humwaga machujo ya kahawa kwa ndoo. Machujo hayo yamekwisha kupitishwa maji moto, kwa hiyo nusu ya upishi umefanyiwa bure; sharti uyatumie siku hiyohiyo, kwani kesho yatakuwa na wenyewe. Yachanganye na mabua, yasizidi robo ya mchanganyiko, la sivyo yatashikana na kukosa hewa. Vumbi la mbao la maseremala wa Barabara ya Ngong linatamanisha, ila uliza kwanza ni mbao gani. Saipresi na paini zina utomvu unaouchelewesha uyoga, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai kabisa: uyoga hunyonya kilichomo, nawe utakila.

Chombo je? Vitabu vingi vinasema mfuko wa nailoni. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya 28 Agosti 2017, mambo ya nailoni nchini Kenya yana kanuni zake, na mfuko ukishatumika mara moja ni taka tu mtaroni. Mimi nimehamia kwenye ndoo. Mkaanga mandazi na mpika chapati hubakiwa na ndoo za mafuta ya kupikia za lita 10 zenye vifuniko. Ioshe kwa sabuni na maji moto hadi mafuta yaishe, toboa matundu kumi hivi pembeni, ya upana wa kidole kidogo, na mengine matatu chini ya kutolea maji. Ndoo hiyo itakutumikia miaka.

Upishi wenyewe ni huu. Katakata mabua au ponda magunzi yawe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Yaloweke usiku kucha. Kisha yatie katika pipa au sufuria kubwa yenye maji ya nyuzi 70 hadi 80, yazame kabisa, na uyashikilie hapo kwa saa moja. Huna kipimajoto? Maji yakianza kutoa vitone chini ya sufuria na mvuke ukapanda bila kutokota, uko karibu. Usiyatokose. Hili huwashangaza wengi. Nia si kuua kila kilichomo, maana maji yetu yanayotokota kwa nyuzi 94 hayawezi hata ukitaka; nia ni kuwapunguza maadui wakali na kuwaacha vijidudu wapole ambao hulinda nafasi mpaka mgeni wako afike. Atakaye kuua kila kitu atahitaji sufuria ya presha, na akimaliza atakuwa na chakula kitupu ambacho kuvu yoyote ipitayo itakifanya chake.

Makaa ni ghali, najua. Iko njia ya baridi: chokaa. Si ya shambani, ile laini ya ujenzi iliyokwisha kuzimwa. Ikorogwe katika maji hadi yawe makali, pH 12 au zaidi, na mabua yalale humo saa 12 hadi 18. Maadui hawaivumilii, oista huivumilia ikishachujwa. Lakini chokaa hiyo huchoma ngozi na hupofusha macho. Vaa glavu, weka watoto mbali, na maji yake usiyamwage mtaroni mbele ya mlango wa jirani.

Ukishachuja, shika konzi moja na uikamue kwa nguvu zako zote. Matone mawili matatu yakitoka, sawa. Yakitiririka, yaache yachuje zaidi. Nimeona ndoo nyingi zikioza kwa maji kuliko zilizokufa kwa kukosa maji. Mtu wa Nairobi aliyenunua maji kwa mtungi hupenda kuhakikisha hayakupotea.

Mbegu ya uyoga si mbegu kwa kweli, ni punje za mtama au ngano zilizovamiwa na zile nyuzi nyeupe. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja, kimekuwa kikizitengeneza kwa miaka mingi. Popote unaponunua, fungua macho na pua. Punje ziwe zimevaa weupe mtupu na zinuke kama msitu baada ya mvua. Ukiona kijani, cheusi, au ukinusa uchachu wa pombe, rudisha. Ndoo ya lita 10 hubeba kilo 4 hivi za mabua mabichi, nayo yataka gramu 200 za mbegu. Mabua yapoe kwanza hadi joto la mkono. Safisha mikono kwa spiriti, zima feni, mfukuze paka, kisha pakua kwa tabaka: mabua, mbegu, mabua, mbegu, ukishindilia. Funika. Ziba matundu kwa utepe wa karatasi, wa hospitali ndio mzuri, unaopitisha hewa na kuzuia inzi.

Kisha itafutie ndoo mahali pa kukaa. Hapo ndipo nilipoharibu kazi yangu ya kwanza. Ilikuwa Gatina, pale Kawangware, mwezi wa Januari, na nilizipanga ndoo sita juu ya kabati kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Mabati ya Januari saa nane mchana ni kikaango. Kumbe pia ndoo yenyewe, nyuzi zikianza kula, hutoa joto lake. Joto likipita nyuzijoto 35, nyuzi za oista huanza kuzimia, na likikaribia 40 hufa. Siku ya tisa nilipofunua nilikuta kijani kibichi kama bustani ya gavana. Mwenye chumba cha mabati aweke ndoo sakafuni, upande usiopigwa na jua la alasiri, na afunge kartoni chini ya paa. Kwa mwanzo chagua Juni hadi Agosti, miezi ambayo Nairobi yote hulalamika baridi.

Baada ya wiki mbili hadi nne, ndani patakuwa peupe kama ugali. Bandua utepe. Sasa uyoga unataka mambo matatu kwa pamoja: unyevu, hewa mpya, na mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Vichwa vidogo kama vya kiberiti vitachungulia matunduni, na ndani ya siku nne hadi saba vitakuwa mafungu ya kuchuma. Nyunyizia hewani na ukutani mara mbili tatu kwa siku, si juu ya vichwa. Nusu lita kwa siku inatosha ndoo mbili. Ukiona mashina marefu membamba na kofia ndogo kama misumari, uyoga unakuambia hewa ni nzito.

Na hapa ndipo chumba cha futi 10 kwa 10 kinapoleta neno. Kulaza ndoo za nyuzi zilizofungwa chini ya kitanda hakuna ubaya. Kulala na ndoo zinazozaa ni kosa, na nashangaa wafundishaji wengi hupita hapo kimya. Oista iliyokomaa humwaga mamilioni ya chembe za vumbi la uzazi, laini mno, na mapafu yanayolivuta usiku baada ya usiku huweza kuwaka: kikohozi, homa, kifua kubana. Wanaofanya kazi katika mabanda makubwa huvaa barakoa kwa sababu hiyo. Wewe mwenye watoto watatu na mlango mmoja, zitoe nje. Kreti ya mbao kivulini, neti pande zote, gunia la katani lililoloweshwa juu yake. Au majirani watatu wajenge kibanda kimoja, kama landilodi atakubali. Sheria ya kilimo cha mjini ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 inautambua ukulima wa aina hii, ingawa sheria haitengenezi nafasi pasipo na nafasi. Vyovyote iwavyo, chuma kabla kingo za kofia hazijanyooka na kupinda juu. Ndipo utamu ulipo, na vumbi bado halijamwagwa.

Kikiota kitu kingine katika ndoo, kwa mfano vikofia vyembamba vinavyogeuka wino mweusi, usionje. Kula tu ulichokipanda na unachokitambua.

Hesabu ya ndoo moja: katika kilo 4 za mabua mabichi, makavu ni kilo 1.4 hivi, mengine ni maji. Mwenye mkono mzuri hupata uyoga mbichi uzani sawa na huo mkavu, katika mavuno mawili au matatu. Mwanafunzi ajihesabie nusu, gramu 700. Anayekuahidi zaidi ana mbegu za kuuza. Huyohuyo atakuambia uyoga ni nyama. Gramu 100 za oista mbichi zina protini gramu 3 hivi. Maharagwe yaliyochemshwa yana 8 au 9, nyama hupita 20. Uyoga ni mboga nzuri sana. Tuuheshimu kwa hilo.

Usipande ndoo ya tatu kabla ya kujua nani atanunua ya pili. Uyoga bila friji hukaa siku moja, mbili ukiwa na bahati, na supamaketi itakutaka kila wiki, uzani uleule. Anza na mama mboga wa mlangoni kwako, kwa kipimo kidogo cha mlo mmoja, na umpe wa kwanza bure akapike kwake, kwa maana mama mboga hauzi asichokionja. Kinachobaki kirarue vipande uvianike. Yale mabati yaliyoniulia ndoo sita hukausha uyoga kwa siku moja ya jua, juu ya neti safi. Kilo 10 hugeuka kilo moja, na jua lenyewe huongeza vitamini D ndani yake.

Ndoo ikichoka, mabua yamegeuka kahawia, mepesi, yananuka udongo, na kazi yake inayofuata iko kwenye gunia. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Ufaransa la Solidarités lilieneza Kibera bustani za magunia, na hadi leo utaona sukuma wiki ikitoka ubavuni mwa gunia kando ya vichochoro vya Makina na Lindi. Mwaga mabua humo, changanya na udongo. Mvua ya Aprili ikipiga, usishangae fungu moja la mwisho la kijivu likichomoza katikati ya sukuma. Langu lilichumwa na jirani kabla sijaliona, akalipika na nyanya na kitunguu, akaniletea bakuli kunionyesha kile gunia langu lilichozaa.