"Siko na kazi": neno moja na masanduku matatu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Vuhovi, katika uchifu wa Bashu, teritware ya Beni, upande wa Butembo. Mchana mmoja jirani yetu, baba wa watoto sita, alipita mbele ya nyumba na jembe begani. Alikuwa amepalilia maharage tangu alfajiri, na kahawa yake ilikuwa ikimngoja uani ageuze punje kabla jua halijashuka. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza habari za kazi. Akacheka: "Oh papa, siko na kazi. Niko tu nalima."

Makala haya yanahusu sentensi hiyo.

Mwanafunzi wa semantiki ataona mara moja kwamba neno "kazi" limefanywa jembamba. Katika Kiswahili tunachozungumza Butembo na Beni, kazi ni ile unayopewa na mtu mwingine: serikali, kanisa, shirika, kampuni. Mtu akitia sahihi mkataba, amepata kazi. Mkataba ukiisha amepoteza kazi, hata kama kesho yake ataamka mapema kuliko jana. Jambo hili si la Kivu peke yake. Hata Tanzania na Kenya utamsikia kijana mwenye genge la nyanya akisema bado anatafuta kazi.

Maneno yaliyo karibu na hilo yanatoa ushahidi uleule. Kibarua ni "barua" iliyofanywa ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuonyesha kwamba amefanya siku yake. Mshahara lina asili ya Kiarabu, katika neno lenye maana ya mwezi. Kwetu Kongo mtu wa kutwa ni jurnalie, kutoka Kifaransa, na ndani yake mna siku. Karatasi, mwezi, siku: vyote vitatu hushikwa na yule anayelipa. Anayelipwa hungoja kuhesabiwa.

Nataka kueleza kwa nini jambo hili la msamiati linatugharimu uchumi unapoyumba, na jinsi akina mama wa kwetu walivyokwisha kulitafutia dawa bila kuliita uchumi.

Kazi inayokaa mbali

Kupeleka kazi nje ni kitendo cha kampuni kumwachia mwingine sehemu ya shughuli zake, mara nyingi mahali pa mbali ambako mikono ni ya bei nafuu. Kongo tunaliita kwa Kifaransa, sutretansi, na neno hilo limezoeleka zaidi tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, iliyotaka kazi za namna hiyo katika sekta binafsi ziende kwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongo. Wengi hudhani hayo ni mambo ya migodi ya Katanga. Lakini kijijini kwetu nimeyaona kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni kahawa. Arabika hustawi vizuri kwenye milima yetu. Mkulima huchuma, humenya, huanika. Baada ya hapo kahawa nyingi imekuwa ikivuka kwenda Uganda kwa njia ya Kasindi au Ziwa Edward, mara nyingine bila karatasi yoyote. Kukoboa, kuchambua, kuonja, kufunga magunia na kutafuta mnunuzi wa Ulaya ni kazi za watu wengi, na watu hao hawako Vuhovi. Hapa kazi haikuondoka, haikuwahi kufika. Vyama vya ushirika vinavyoosha kahawa na kuiuza vyenyewe vimeanza kurudisha sehemu yake, nalo ni jambo la kushukuru.

Sura ya pili ni Riposte. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini, na haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuugua na 2,287 wakafa. Eneo la afya la Vuhovi lilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa. Pamoja na ugonjwa zikaja kazi: madereva, wapima joto, wachimba makaburi, watafsiri, watembezaji wa habari nyumba kwa nyumba. Yaya wangu alikuwa mmoja wao. Alinunua pikipiki, akaanza nyumba ya matofali. Kaka yetu mwingine, aliyebaki na mbuzi na migomba, tulimwita asiye na kazi. Mlipuko ulipokwisha tulimshukuru Mungu kwa nyimbo, na katika wiki hizohizo yaya aliuza pikipiki. Nyumba ile ingali na kuta mpaka madirishani.

Tazameni ngazi ilivyopangwa. Mfadhili hutoa fedha kwa shirika kubwa, shirika kubwa kwa shirika la kimataifa, hilo kwa shirika la hapa, na shirika la hapa humwita jurnalie kwa mkataba wa miezi 3. Uamuzi huanzia juu. Habari humfikia wa chini mwishoni kabisa. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wa Butembo na Beni waliokuwa hawajawahi kuona barua ya Washington walijikuta nyumbani. Mwezi huohuo Goma iliingia mikononi mwa M23 na benki zake zikafungwa.

Sura ya tatu inatuhusu sisi wa kitivo. Lugha zetu sasa zinanunuliwa kwa vipande. Mashine zinafundishwa Kiswahili, na mtu wa kusoma sentensi, kuzisahihisha na kuzipa alama hutafutwa kwa simu. Nairobi imekuwa kituo cha kazi za namna hii. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ya Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook iliyokuwa ikiifanyia Meta, na wachujaji zaidi ya 180 walikwenda mahakamani kupinga kuachishwa kwao. Wengi walikuwa wamechukuliwa kwa sababu ya lugha walizozijua. Lugha yao ndiyo iliyowapa kazi, lakini haikuwapa sauti katika uamuzi wa kuifunga.

Mimi nilipata kipande changu kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kwa miezi 8 nilisahihisha sentensi za Kiswahili cha Kongo, nikalipwa kwa dola kupitia simu. Katika mwezi wa nne nilijiona mtu mzima, nikampigia mama: akodishe shamba, asijichoshe tena, mimi niko na kazi. Mama akaniuliza: "Ile kazi iko ya nani?" Nikamtajia jina la kampuni. Akasema: "Sikukuuliza jina." Akakodisha shamba la chini kwa msimu mmoja, akabaki na la juu. Mwezi wa nane nikapata ujumbe wa mistari mitatu: mradi umekwisha, asante kwa mchango wako. Msimu ule tulinunua maharage sokoni kwa bei ya watu wa mjini, na mdogo wangu alichelewa kulipa minerval ya muhula. Shamba la juu ndilo lililotufikisha mavuno mengine.

Masanduku matatu

Swali la mama halikutoka hewani. Yeye ni mwanamuso. Muso ni kundi la akiba na kusaidiana lililoenea Kivu, na jina lake ni ufupisho wa Kifaransa. Linatofautiana na likelemba, ambamo kila mwanachama hupokea mchango wa wote kwa zamu. Muso ina masanduku matatu, kila moja na rangi yake.

Sanduku la kijani ni la akiba za wanachama. Fedha zake ni zao wenyewe, hukopeshana na kurudishiana kwa riba ndogo. Sanduku jekundu ni la shida: kila mtu huweka kidogo, na mwenye ugonjwa au msiba akipewa harudishi. Sanduku la bluu ni la fedha za nje, kama mkopo wa benki au msaada wa shirika. Fedha hizo hutumika, tena kwa furaha, lakini hazichanganywi na za kijani. Mama hueleza hivi: "Ya bluu iko ya wageni. Mgeni akirudi kwao, sisi tunabaki na yetu."

Huo ndio uainishaji ambao neno "kazi" limeukosa. Kwa fedha, akina mama wana majina matatu. Kwa kazi sisi wasomi tuna jina moja tu, tena tumelipa rangi ya bluu peke yake. Kulima, kufuga, kuuza mafuta ya mawese, kumfundisha mtoto wa jirani kusoma, vyote tumevitoa nje ya neno. Kwa hiyo bluu ikikauka tunasema hakuna kazi, kana kwamba masanduku yote yamekuwa matupu. Ubaya ni kwamba mara nyingine yamekuwa matupu kweli, kwa sababu tuliyaacha tulipopata bluu, kama nilivyotaka mama afanye.

Akiba huoza lini?

Msomaji anaweza kunijibu kwa methali: akiba haiozi, basi mtu wa mshahara aweke tu fedha. Wazee wetu waliweka. Desemba 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo walipora Kinshasa. Oktoba 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Juni 1998 franka 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: zaire za zamani bilioni 300 zikawa franka moja. Koko wangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Tulipokuwa watoto tulicheza duka kwa noti zake.

Ndiyo sababu akiba ya Bashu huonekana kwa macho: mbuzi, miti ya kahawa, kilima cha mikaratusi inayongoja kuwa mbao siku mtoto atakapoingia chuo. Hata hivyo sitaki kuipamba. Sehemu nyingi za Beni na Lubero watu wameacha kahawa na kakao shambani kwa kuogopa ADF, na mbuzi hakimbii pamoja na mwenye kukimbia usiku. Hakuna sanduku lisiloweza kuvunjwa. Methali inabaki kweli kwa anayegawanya.

Kwa sisi wa lugha

Sisemi tukatae kazi za nje. Ada zetu nyingi zinalipwa na bluu, na tafsiri, unukuzi na kuwafundisha wageni ni kazi halali. Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kupokea mkataba tujiulize maswali matatu, ambayo nimeyapata kwa kuchambua swali moja la mama. Nani ana uwezo wa kuifunga kazi hii, na nitajua siku ngapi kabla? Ikifungwa, nitabaki na nini mkononi: ujuzi, orodha ya maneno, watu ninaowafahamu, au ujumbe wa mistari mitatu tu? Na ili niipokee, ninaacha nini?

Swali la pili ndilo lililoniuma zaidi. Katika miezi 8 nilipitisha maelfu ya sentensi za lugha ya kwetu mbele ya macho yangu, nami sikubaki hata na daftari la maneno ya mashambani ambayo koko peke yake anayatumia. Daftari hilo nimelianza sasa. Hakuna anayenilipa, na kwa hiyo, kwa Kiswahili cha kwetu, si kazi.

Wiki iliyopita nimepewa mkataba mwingine wa miezi 3, wa sentensi zilezile. Nimeukubali. Nilimpigia mama kumwambia, na kabla hajauliza nikamjibu: iko ya bluu. Akasema vema, nimtumie ya mbegu mapema, mvua ya mwezi wa tisa hainingoji. Shamba la chini limerudi.