Bibi wa Kisarawe na shamba la Nabothi



Jumamosi moja ya Februari akina mama wa WAWATA wa parokia yetu walinialika katika ziara ambayo sikuwahi kuisikia. Haikuwa hija wala semina. Walitaka tukatazame bustani za nyumbani: asubuhi nyumba nne hapa Kibaha, mchana kwa wenzao wa Kisarawe. Nikawauliza kwa nini wasisubiri masika. Mwenyekiti wao akacheka. "Baba, masika hata asiyelima ana majani. Tunataka kuona nani anamwagilia."

Nilikubali, ingawa kusema kweli nilikuwa na jambo langu Kisarawe, ambako niliwahi kutumwa nikiwa padri kijana. Siku chache kabla, kijana mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam alinipigia simu. Mama yake mjane anaishi peke yake, umri umekwenda, na dalali ameleta mteja wa eneo lile kwa bei nzuri. Watoto wamekubaliana auze, ahamie kwao mjini. Mama hataki kusikia. "Wewe Baba atakusikiliza," akasema. Nikaahidi kwamba nitazungumza naye, maana jina lake lilikuwa kwenye orodha ya nyumba za kutembelewa.

Tulianzia Maili Moja kwa mwalimu mstaafu, mwenye ua usiozidi ukubwa wa vyumba viwili. Amefukia chupa za plastiki shingo chini, vifuniko amevitoboa kwa sindano ya moto. Anazijaza alfajiri, nazo zinadondosha maji kwenye mizizi ya nyanya na bilinganya kutwa nzima. Huko Mkuza tulimkuta mama mwenye viroba vilivyojaa udongo na samadi ya mbuzi, mchicha juu, matembele yakining'inia ubavuni. Alipotuambia hajanunua mboga tangu Krismasi, wenzake walipiga vigelegele kama vya siku ya upadrisho.

Nyumba ya nne ua wote ulikuwa matofali ya pevingi, na vyungu viwili vya maua getini. Mwenyeji aliona aibu. Nikamwambia ua wa nyumba ya mapadre ni hivyo hivyo, na aliyeamuru ni mimi. Seminarini tulishika jembe kila alasiri, na wengi wetu tulikuwa tukiomba mvua inyeshe tusamehewe. Huenda pevingi ile ni jibu la sala zile, limechelewa tu.

Kisarawe, bibi alitupokea na fagio mkononi. "Milele amina, Baba. Umenenepa."

Ana mikorosho, minazi, mchungwa, mihogo ya kisamvu na mlonge uliopogolewa vizuri. Karibu na mlango wa jiko kuna tuta la mchicha, mnavu na bamia, linalokunywa maji ya kuoshea mchele. Alitutembeza taratibu, akigusa kila mti kama mtu anayetambulisha wanawe. Na kweli alikuwa akitambulisha. "Mwembe huu ni wa mwanangu wa tatu. Kitovu chake kipo hapa chini."

Wa tatu ndiye aliyenipigia simu.

Wenzangu walipokwenda kunywa madafu, nilibaki nyuma. Nikaanza kwa mbali, kama tulivyofundishwa. "Bibi, kazi hii haikuchoshi?"

"Inanichosha sana, Baba. Lakini nikiamka nina pa kwenda."

Sikuendelea.

Njiani kurudi nilimkumbuka Nabothi, yule wa sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Sisi wahubiri hukimbilia kwa Yezebeli, kwenye barua, mashahidi wa uongo na mawe. Mwanzo tunauruka. Ahabu alitaka shamba la mizabibu lililokuwa jirani na nyumba yake alifanye bustani ya mboga, akatoa masharti ambayo hakuna dalali angeyaona mabaya: shamba bora kuliko hilo, au fedha. Nabothi akakataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akarudi nyumbani, akalala, akageuza uso, akagoma kula. Hakuweza kuelewa kwamba mtu anaweza kutajiwa bei nzuri na bado akasema hapana. Yaliyofuata yote yaliingilia kwenye mlango huo.

Sisemi watoto wa bibi ni Ahabu. Wanampenda. Wanaogopa ataanguka usiku asiwepo wa kumsikia, na hofu hiyo ni ya haki. Hata mimi sina jibu lake. Lakini nilikuwa nimekwenda pale kupeleka bei nikiwa nimevaa kola, kwa mtu ambaye kumkatalia padri kwake ni kazi ngumu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule.

Tulipoaga alinipa mche wa mlonge kwenye kopo la maziwa. "Ukaupande kwako, Baba." Sikumwambia habari za pevingi. Jumatatu nilimwita fundi, akang'oa matofali manane karibu na dirisha la jiko.

Jumatano kijana akapiga simu kuuliza mama amesemaje. Nikamwambia aende mwenyewe, na afike alfajiri, saa ile mama yake anapomwagilia.