Hewa ya ndani ya stoo yako: jiko la mkaa, vumbi la kahawa na kichwa kinachouma kila jioni

Mambo ya kupiga picha bidhaa na kujibu wateja inboksi tunayaongea kila siku. Leo naomba tuongee hewa unayovuta ukiwa ndani unafungasha hizo oda.

Sisi tunaouza mtandaoni hatuhitaji fremu ya barabarani, maana mteja haingii. Kwa hiyo tunachukua chumba cha nyuma cha bei nafuu, mlango mmoja, dirisha dogo au hakuna kabisa. Humo humo ni stoo, ni sehemu ya kufungasha, na kwa wengine ndiyo kitanda.

Kwetu Bukoba na Muleba kuna jambo lingine: mvua. Msimu mkubwa wa senene ni Novemba na Desemba, na ule mdogo Aprili na Mei. Yote miwili ni miezi ya mvua, na ndiyo oda za Dar na Mwanza zinamiminika. Senene hawasubiri, ukiwachelewesha wanaharibika. Basi jiko la mkaa linaingizwa ndani, mlango unarudishwa ili mvua isilowanishe mzigo, watu wanakaanga mpaka usiku wa manane.

Watu wengi wanachoogopa ni moshi. Moshi ni mbaya, ila wenyewe unakufukuza: macho yanawasha, unakohoa, unatoka. Kinachoua haraka ni kile usichokiona. Mkaa ukiungua unatoa gesi inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na pasipo na hewa ya kutosha inatoka nyingi zaidi. Utasikia mtu anasema moto umeshakolea, moshi umeisha, sasa ingiza jiko ndani. Moshi umeisha kweli, gesi haijaisha. Ikifika kwenye damu inashika pale ambapo oksijeni hubebwa, na inapashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Unavuta pumzi vizuri tu huku mwili unakosa hewa.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Huku kwetu mtu akijisikia hivyo anasema malaria hiyo, anapita duka la dawa, kesho anarudi kwenye jiko lile lile. Malaria kapime, usiache. Lakini jiulize maswali mawili. Je, nikitoka nje muda kidogo napata nafuu? Je, na mwenzangu tunayefungasha naye kichwa kinamuuma saa hizo hizo? Kama jibu ni ndiyo, angalia jiko kabla ya kulaumu mbu.

Hatari kubwa kabisa ni kulala. Vijana wengi tunawaweka walale stoo kulinda mzigo, na usiku wa mvua Bukoba baridi ipo, anavuta jiko karibu apate joto. Aliyelala haoni dalili yoyote, anazama usingizini moja kwa moja. Na kuweka beseni la maji chumbani hakusaidii, maji hayanyonyi gesi hiyo. Kama unamlipa mtu alale hapo, mnunulie blanketi zito na jiko litoke nje kabla hajafunga mlango. Mimi kwenye hili sina mjadala. Jenereta ni hivyo hivyo: isikae ndani wala koridoni, ikae nje mbali na mlango na dirisha, kama mita 6 hivi, umeme uvutwe kwa waya.

Tukija kwenye kahawa, tunaouza kahawa ya Kagera tuna tatizo letu. Robusta yetu hukaushwa juani ikiwa na ganda lake, mara nyingi chini kabisa, ndipo ikobolewe. Kwa hiyo vumbi lake si la kahawa peke yake, lina udongo, ukungu na mabaki ya bakteria. Watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walipima vumbi ndani ya viwanda vya kahawa hapa Tanzania, vya robusta na vya arabika, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwenye robusta walikuta sumu ya bakteria iitwayo endotoksini kwa wingi zaidi kuliko kwenye arabika. Sumu hiyo ukiivuta siku baada ya siku inaleta kikohozi na kifua kubana. Wewe hauna kiwanda, sawa, lakini ukipepeta gunia la kahawa ndani ya chumba kisicho na dirisha, vumbi lote linabaki na wewe. Pepetea nje, ukiangalia upepo unakoelekea. Ndani usifagie kavu, nyunyiza maji kwanza au tumia tambara bichi. Na kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi laini, tafuta barakoa ya N95.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, nayo iangalie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kipande kimoja kikiungua kinatoa chembe laini sawa na za sigara kati ya 75 na 137. Neti ya dirishani ni bora, inaingiza hewa na mbu anabaki nje.

Sasa chumba chenyewe. Feni haileti hewa mpya, inazungusha ile ile. Unahitaji matundu mawili yanayotazamana, hewa iingie huku itokee kule. Fremu zetu zimeshikana ubavuni, kwa hiyo njia iliyobaki ni ukuta wa nyuma: ondoa matofali machache juu karibu na dari, weka ya matundu, na wavu wa kuzuia panya. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita ndiyo wakati wa kumwambia mwenye nyumba, maana ukishalipa hakusikilizi tena. Wa kwangu alikataa mara mbili, ya tatu nikamwambia naleta fundi kwa gharama yangu, akakubali siku hiyo hiyo.

Na kama una msaidizi hata mmoja, jua kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Hewa anayovuta akiwa kazini kwako ni jukumu lako wewe bosi, hata kama mnaitana kaka na dada.

Ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye jiko, usiingie ukainama kumwamsha. Fungua mlango wazi, vuta pumzi nje, ingia umburute mpaka nje, halafu hospitali moja kwa moja hata kama amezinduka. Waambie wahudumu kwamba alikuwa ndani na mkaa, wasianze kutafuta malaria.