Niliikata moja, zikarudi kumi na moja

Mimi niko Liège, huku Ubelgiji, mwaka wa pili wa masomo, na ninakaa kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu. Tulisikilizana hivi: ananipunguzia kodi ya chumba, mie namusaidia kuangalia akwariumu yake ya maji ya chumvi, litre 200, yenye mawe na matumbawe hai. Kuko tumbawe moja la zambarau ambalo marehemu bibi yake alilinunua. Hilo njo analiangalia kila asubuhi, mbele ya kahawa.

Mzee akaingia hospitali kufanyiwa operesheni ya kiuno. Wiki sita. Akaniambia: «Kijana, nakuachia hii.» Nikajibu: «Mzee, usiwe na wasiwasi, mie nimesoma biolojia.»

Wiki ya kwanza nikaona kwenye jiwe kitu kama kamti kadogo ka mungazi: shina la kahawia linaloonyesha mwanga, juu vidole vingi vyembamba. Sentimita tatu hivi. Kizuri kabisa. Kisha nikaona vidole vile vinagusa tumbawe la zambarau, na upande ule nyama ya tumbawe imejikunja. Nikachukua kisu, nikakwangua, nikatupa. Nikalala vizuri.

Siku kumi na tano baadaye, palepale nilipokwangua, nikahesabu kumi na moja.

Kitu hicho kinaitwa aiptasia. Ni anemoni ya bahari, ndugu wa matumbawe, na vidole vyake vina sumu ya kuchoma jirani. Kwetu Uvira hata mtoto anajua: ukikata mti wa muhogo vipande na kuvitupa mu udongo wenye maji, haujauua, umeupanda. Aiptasia ni vilevile. Ukikwangua, mguu wake unaacha vipande vidogo kwenye jiwe, na kipande kimoja kinaota kuwa mnyama mzima. Hata bila kisu inafanya hivyo: inatembea polepole juu ya jiwe na kuacha vipande nyuma yake. Haihitaji mume wala mke. Tena ndani ya mwili wake munaishi mwani mdogo sana unaopika chakula kutokana na mwanga. Basi mu akwariumu yenye taa kali na chakula kilichobaki, iko na jiko mbili. (Na mimi, kwa upendo, nilikuwa nawapa samaki chakula mara tatu kwa siku. Nilikuwa nalisha adui.)

Kinachochekesha ni kwamba watu wa maabara wanaifuga kwa makusudi. Mwaka 2015 walichapisha jenomu yake, juu inapokea mwani sawa na matumbawe, na inaweza pia kuishi bila mwani ule. Kwa hiyo inawasaidia kuelewa sababu ya matumbawe kupauka wakati bahari inapata joto. Kile mimi nakitukana usiku, mwingine anakiandikia tezi.

Sasa, namna ya kuipiga. Nilianza na chokaa, maana yake hidroksidi ya kalsiamu safi, ile ya akwariumu, si ile ya kupaka ukuta. Unachanganya na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, unavuta mu seringi. Vaa miwani na glavu, juu uji ule una pH ya karibu 12, wakati maji ya akwariumu yako kwenye 8 na kitu. Zima pompi zote. Sogea polepole, maana ukiigusa inajificha mu tundu kwa kufumba na kufumbua. Unamwaga juu ya mdomo wake na kuifunika yote. Ngoja nusu saa, vuta mabaki, kisha washa pompi. Usipige zaidi ya tano ao sita kwa siku moja, kama si hivyo pH ya maji yote itapanda na samaki watateseka. Mimi nilipiga tano, nikapumzika siku mbili, nikarudia.

Zile kubwa zilikufa. Zile ndogo mu nyufa, seringi haizifikii. Hapo unahitaji mtu wa kuzila.

Nikaenda duka la samaki. Mlangoni nikakuta samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wa kwetu kabisa, wanauzwa mmojammoja. Nikasimama pale muda, si uongo. Kisha nikanunua kamba watatu wa aina ya Lysmata. Angalia vizuri hapa: kuko kamba mwingine anayefanana naye, mwenye nundu mgongoni na madoa meupe katikati ya mistari mekundu. Yule haguse aiptasia, na anaweza kula matumbawe yako. Kuko pia konokono asiye na gamba, Berghia, ambaye hali kitu kingine hata kidogo. Anafanya kazi safi, lakini zikiisha, naye anakufa na njaa, kwa hiyo umupelekee mwenye shida kama yako mbele hazijaisha.

Jambo moja nawaomba sana: usitoe jiwe na kulichemsha mu sufuria. Nilikuwa karibu kulifanya. Kwenye mawe hayo mara nyingi kunakaa zoanthidi, na baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Ukichemsha, inapanda na mvuke, na watu wameshapelekwa hospitali kwa ajili hiyo, pamoja na jamaa zao waliokuwa wamekaa tu nyumbani.

Nilimupigia mzee simu wiki ya nne. «Mzee, nimekosa.» Nikamuelezea kisu na yote. Akanyamaza, kisha akauliza kitu kimoja tu: «La zambarau?» Nikamwambia upande mmoja umebaki mweupe, kama ukucha wa kidole gumba, pengine pazima. Akasema: «Punguza chakula. Mara moja kwa siku, kamba wawe na njaa.»

Amerudi Jumamosi, anatembea na fimbo. Jana usiku tulimulika na tochi, sisi wawili. Tumeona moja, nyuma ya pompi, ndogo kama punje ya muchele. Kamba mmoja alikuwa karibu yake.