Mgeni wa kuvua sambaza: tumpokee wenyewe au tumwachie komisioneri?



Katika mikutano yetu kwenye mwambao wa ziwa Kivu, upande wa Kabare, Kalehe na Idjwi, kuna swali moja linalorudi kila mara. Mzee mmoja wa ekipe ya wavuvi alilisema hivi: "Bageni banakuya kwetu, banapanda mitumbu yetu, banakula bugali yetu, lakini feza inabakia mu muji. Tufanye aje?"

Sisi ni maagronome. Tumezoea kuongea juu ya mihogo, kahawa na mbolea. Lakini swali la huyu mzee tunalijua vizuri, kwa sababu ni lile lile la kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya Kalehe na Idjwi ilivuka ziwa usiku kupitia mikono ya wachuuzi, na mkulima alibaki na kidogo sana. Halafu kooperative kama SOPACDI ya Minova zilianza kuosha kahawa zenyewe na kuongea na wanunuzi wa mbali zenyewe. Bei ilibadilika, lakini kazi pia iliongezeka. Na kwa wageni wanaotaka kwenda kuvua pamoja nasi, mambo ni namna hiyo hiyo.

Wageni hao ni nani? Si wazungu tu. Ni watu wa Bukavu wanaotaka kupumzika siku ya Jumamosi, wafanyakazi wa mashirika, ndugu zetu wanaoishi Ulaya wanaokuja kusalimia familia, na wanunuzi wa kahawa. Ng'ambo ya ziwa, kule Karongi nchini Rwanda, kumpeleka mgeni usiku kusikia wavuvi wa sambaza wakiimba na kuona wakivuta wavu ni biashara inayojulikana. Samaki ni wale wale, ziwa ni lile lile.

Usiku ambao mitumbwi haikutoka

Kuna kooperative moja tunayoifuata, wakulima na wavuvi pamoja. Komisioneri mmoja wa mjini aliwauzia watu wanne safari ya usiku, akachukua pesa yote mbele. Akapiga simu kwa wavuvi siku ile ile, saa kumi ya mchana: "Niko naleta wageni." Wageni wakafika saa kumi na mbili na makoti yao na kamera zao. Wakakuta mitumbwi mitatu imefungwa ufukoni na wavu umeanikwa. Kapita akawaambia wazi: "Leo hatuende mu mayi, mwezi iko mukubwa."

Kila mvuvi anaelewa neno hilo. Sambaza hawakuwa wa ziwa letu tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku wanapanda juu kutafuta chakula, na tunawakusanya kwa mwangaza wa taa juu ya wavu uliotandikwa kati ya mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu. Mwezi ukiwa mpevu, mwangaza unaenea juu ya maji yote, taa haina nguvu tena, na samaki wanatawanyika. Ndiyo maana wavuvi wanapumzika siku kadhaa wakati huo, wanashona nyavu na kutengeneza mitumbwi.

Wageni walikasirika. Hawakumkasirikia komisioneri, kwa sababu hakuwapo. Waliwakasirikia wavuvi, ambao hawakuwa wamepokea hata franka moja. Mama waliotayarisha lenga-lenga na ndizi hawakulipwa. Avansi haikurudi.

Ubaya hapa haukuwa tu kwamba komisioneri alichukua asilimia kubwa. Ubaya ni kwamba aliyeuza siku hakujua mwezi, na aliyejua mwezi hakuulizwa.

Komisioneri anafanya kazi gani?

Kabla ya kumfukuza, tuhesabu kazi yake. Anajibu simu hata saa nne ya usiku. Anaongea Kifaransa, pengine na Kiingereza. Anamtafutia mgeni gari. Anapokea avansi. Mgeni akichelewa, yeye ndiye anajua. Kazi hizo ni za kweli. Kama kooperative inamwondoa na hakuna mtu anayezifanya, mgeni atapotea, na atawaambia wengine kumi.

Kwa hiyo swali si "komisioneri mbaya au mzuri?" Swali ni: je, sisi tunaweza kufanya kazi yake? Tukiweza, malipo yake ni yetu. Tusipoweza bado, tumlipe, lakini kwa masharti yaliyoandikwa.

Tuanze na kalenda

Hatua ya kwanza haiombi pesa. Chukueni kalenda ya ukutani. Kila mwezi ukiandama, andikeni siku hiyo. Hesabuni siku 14 au 15: hapo mwezi utakuwa mpevu. Pamoja na kapita, zungusheni kwa kalamu nyekundu siku ambazo ekipe yenu haitoki. Ongezeni siku za soko, siku za kilio na siku za kazi kubwa ya shamba, kwa sababu wakati wa kupanda maharagi vijana wengi hawako ufukoni. Siku zilizobaki ndizo mnaweza kuuza.

Mgeni akiuliza, mwandikieni ujumbe mfupi kwenye WhatsApp, kama huu:

"Karibu kwetu. Tarehe unayotaka haifai, mwezi ni mkubwa na wavuvi hawatoki. Tunaweza kukupokea wiki inayofuata, Jumanne mpaka Ijumaa. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Leta koti, usiku ni baridi. Bei ni hii, na ndani yake kuna hivi. Avansi ni nusu. Upepo mkali ukitokea hatutoki, na avansi yako inarudi au tunabadilisha siku."

Mgeni akisoma hivyo anajua anaongea na mwenyeji mwenyewe. Na baridi si maneno tu: ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari.

Tuhesabu pamoja

Tutumie mfano. Hii ni namna ya kuhesabu, si bei ya soko, kila kooperative iweke namba zake.

Tuseme komisioneri anauza safari dola 40 kwa kila mgeni. Wageni wanne, ni dola 160. Wavuvi wanapewa dola 30 kwa jumla, bila chakula.

Sasa kooperative inauza yenyewe, dola 25 kwa mgeni. Mgeni ameokoa dola 15. Sisi tumepata dola 100. Tutoe:

– wavuvi 8, kila mmoja dola 5: dola 40;
– chakula kinachonunuliwa kwa wanachama (ndizi, mboga, bugali, kahawa): dola 16;
– taa na betri: dola 10;
– kukodi jile za kuokoa maisha: dola 4;
– mwenye zamu ya simu, pamoja na yuniti: dola 10.

Jumla ni dola 80. Sanduku la kooperative linabaki na dola 20, na sambaza waliovuliwa usiku huo ni wa ekipe kama kawaida. Mkulima naye amepata, kwa sababu lenga-lenga na ndizi zimetoka shambani kwake.

Lakini angalieni: kama mwezi mzima mgeni haji, hakuna kinachoingia. Kwa sababu hiyo msikope pesa ya kununua mtumbwi mpya wa wageni au kujenga nyumba ya kulala. Anzeni na kile mlicho nacho.

Nani anashika simu?

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ni hapa kooperative nyingi zinaanguka. Wanachagua kijana mmoja anayejua Kifaransa na mwenye simu nzuri. Wageni wanampigia yeye. Pesa inaingia kwenye M-Pesa au Airtel Money yake. Baada ya miezi michache, wageni wanajua jina lake na hawajui jina la kooperative. Akihama, anahama nao. Mmemwondoa komisioneri wa mjini, mmezaa komisioneri wa kijijini.

Dawa yake ni rahisi:

1. Namba ya simu iwe ya kooperative, na kadi ya simu ibaki mikononi mwa komite.
2. Watu wawili wapokezane zamu, na angalau mmoja awe mama. Wote wawili walipwe. Kazi isiyolipwa inajilipa yenyewe kwa njia nyingine.
3. Anayeongea na mgeni asiwe yule anayetunza sanduku.
4. Daftari moja: tarehe, jina la mgeni, idadi ya watu, avansi, salio, waliofanya kazi, walicholipwa, sahihi zao.
5. Daftari lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kila mwezi. Anayetaka kuuliza, aulize.

Kooperative ambayo tayari inaandika kilo za kahawa za kila mwanachama inaweza kuandika na hilo. Daftari ni ndugu wa lile mnalolijua.

Maisha ya mgeni yako mikononi mwetu

Ukimpokea mgeni moja kwa moja, huwezi tena kusema "muulize komisioneri." Mwezi wa 4 mwaka 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe na watu wengi walipotea. Baadaye Raisi Tshisekedi aliamuru kwamba kila msafiri ziwani avae jile. Basi, hakuna jile, hakuna safari, hata kama mgeni anasema anajua kuogelea. Kapita ndiye mwenye neno la mwisho juu ya upepo, si mgeni na si prezida wa kooperative. Mjulishe shefu wa kijiji na huduma ya uvuvi ya territoire kabla ya kuanza kazi hii. Mgeni wa nchi nyingine awe na karatasi zake halali.

Na juu ya usalama: semeni ukweli. Kama barabara si nzuri wiki hii, mwambieni asije. Komisioneri wa mbali anaweza kunyamaza ili asirudishe pesa. Ninyi mnaishi hapo. Mgeni aliyeambiwa "usije sasa" atarudi siku nyingine, na atawaamini.

Je, na kuwinda?

Vijana fulani walituuliza: "Kama tunapeleka wageni kuvua, kwa nini tusiwapeleke kuwinda?" Jibu ni hapana. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kuwinda ndani yake ni kosa mbele ya sheria, na ngagi aliyekufa hatamleta mgeni tena. Anayetaka kuona ngagi, ruhusa inatoka kwa ICCN, inayosimamia hifadhi, si kwa mtu wa njiani.

Lakini kuna nchi ambazo wanakijiji wanauza uwindaji bila wapatanishi wengi. Namibia, sheria ya mwaka 1996 iliwapa wakaaji haki ya kuunda maeneo yao ya hifadhi, na ya kwanza yaliandikishwa mwaka 1998. Serikali inaweka idadi ya wanyama. Komite ya wakaaji inasaini mkataba yenyewe na kampuni ya uwindaji, malipo yanaingia kwenye akaunti yao, na nyama inagawiwa kwa familia. Hatuwezi kuiga uwindaji wao. Tunaweza kuiga mkataba wao: mwenye mali amekaa mezani wakati bei inasemwa.

Kama komisioneri anabaki

Kwa wageni wa mbali, pengine bado mtamhitaji. Si vibaya. Andikeni karatasi moja pamoja naye: bei anayouza, sehemu yake, sehemu yenu, tarehe kutoka kalenda yenu, avansi inayofika kwenu siku tatu mbele, na nani anarudisha pesa safari ikikufa. Akikataa kuandika, mmekwisha kupata jibu.

Ile kooperative ya mwezi mpevu sasa ina kalenda ukutani, pembeni ya mzani wa kahawa. Inapokea wageni wachache, si wengi. Komisioneri yule bado anawaletea watu mara moja moja, lakini sasa anapiga simu kwanza na kuuliza: "Mwezi uko namna gani?"

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili apone, mwenyeji awe ndiye anayefungua mlango. Katika mkutano wenu unaokuja, wekeni jambo moja tu kwenye ajenda: nani atatunza kalenda? Mkishamchagua, mwambieni agronome wenu. Tutapita kuangalia daftari pamoja nanyi.

Tuko pamoja.