Kitanda cha Ndani ni cha Mkubwa

Maji yakipwa, vaa miwani ya kuzamia uelee juu ya kichaka kimoja cha matumbawe ya matawi, kisichozidi beseni la kufulia. Utawakuta samaki wadogo weupe wenye mistari mitatu myeusi, mithili ya pundamilia. Wataalamu huwaweka katika jenasi ya Dascyllus, na pwani yetu wapo tele. Pitisha mkono juu yao: kufumba na kufumbua wote wamezama matawini.

Tulia, watatoka. Sasa tazama nani amekaa wapi. Mkubwa husogea upande mkondo unakotokea, akawa wa kwanza kudaka vijidudu vinavyoletwa na maji, tena vile vinono. Wadogo hubaki nyuma wakiokota masazo, na mmoja akijitia kusogea mbele, hufukuzwa papo hapo. Hivyo aliyekula vizuri huzidi kukua, na kwa kukua hukilinda cheo chake. Sentimita moja hapa ni jambo kubwa.

Lakini chakula, kwa maoni yangu, ndiyo nusu nyepesi ya habari. Nzito ni ya usiku. Sally Holbrook na Russell Schmitt waliwapiga picha ndugu wa karibu wa samaki hawa kwa kamera zinazoona gizani, kisiwani Moorea katika Polinesia ya Ufaransa, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Samaki wanapozidi nafasi za kujificha, hugombana: wenye nguvu hushika za ndani, wanyonge wakasukumwa pembezoni, na huko ndiko adui huwadaka. Aliyemla ni mwindaji, sawa, ila aliyemtoa nje ni jirani yake.

Ndiyo maana upana wa mwanya kati ya matawi una uzito. Mwanya mwembamba humhifadhi mdogo, kwa kuwa mkubwa hapenyi. Ukiwa mpana, mkubwa huingia, na pengine mdomo wa adui nao.

Sasa piga baruti hapo. Kinachobaki ni kokoto, na kokoto hazina ndani wala nje. Joto nalo, kama lile la mwaka 1998 lililoyafanya matumbawe ya Bahari ya Hindi kuwa meupe, huua polepole: matawi husimama bado, mwani ukayafunika, kisha yakavunjika. Wenyeji hulazimika kuhama, nacho kichaka cha pili kina wenyewe, ambao tayari wanagombea vitanda.